Pete ya Darajani

Hii ni mara ya tatu leo, na saa nne haijafika.
Anainama, anaokota, anaiinua mwangani:
"Mama, umeangusha pete?"
Pana, nzito, ya manjano kama kiini cha yai,
na ndani mhuri wa sonara ambaye hajazaliwa.
Jina lake Thibaut. Zamani alikuwa mhudumu wa mkahawa Belleville,
na bado ana mikono ile ya kubeba sinia,
mikono isiyotetemeka.

Mimi nauza magazeti upande huu wa Seine mwaka wa kumi na tisa,
kibanda cha kijani, bati linavujia majarida ya urembo.
Wageni nawajua kwa shingo: wote hutazama juu.
Na mwenye kutazama juu, mfuko wake unatazamwa na nani?

Anayesimama kununua ramani namwambia bure:
Akisema "chukua wewe, kwangu haiingii," usichukue.
Atakwenda hatua tano. Atarudi.
Ataomba hela ya mkate, kisha ya mkate na jibini,
mwisho utajikuta unahesabu noti ukingoni mwa mto
kwa kipande cha bomba la maji.
Akija kijana na uzi wa rangi, mikono mfukoni;
kidole kikishafungwa, bei ndiyo hukifungua.
Wasichana wenye karatasi za saini
hawana kiziwi yeyote wanayemchangia:
wewe unasaini, pochi inaaga.
Na pale kwenye vikombe vitatu juu ya boksi,
yule bwana anayeshindashinda
ni shemeji wa mwenye vikombe.

Wengine husikiliza. Mzee mmoja wa Osaka aliandika yote daftarini,
akanipa peremende.
Wengine hunikazia macho kana kwamba pete ni yangu.

Basi sikia la kwangu.

Februari, baridi ya kukata masikio.
Nimefunga kibanda, nimevua glavu nishike ufunguo,
nakatiza daraja mbio kuwahi basi.
Nyuma yangu: "Mama! Mama, pete yako!"
Nilicheka kimoyomoyo. Hata mimi? Mimi, Josiane Kerbrat?
Sikugeuka.
Sauti ikanifuata, imekosa pumzi,
Kifaransa chake cha kujifunza kitabuni:
"Tafadhali, nimeiona ikidondoka."
Nikanyoosha kiganja nyuma kama askari wa barabarani.
"Kamuuzie mama yako,"
nikapanda, nikaketi,
nikajipongeza mpaka Montreuil.

Jikoni, nikimenya kitunguu, ndipo nilipokiona kidole.
Mstari mweupe, laini kama ngozi ya mtoto,
mahali alipokaa Anatole miaka thelathini na mmoja,
kumi na miwili kati yake akiwa kaburini.
Nilikuwa nimekonda majira yale. Sikujua kiasi gani.
Kitunguu kilinisitiri.

Alfajiri nilikuwa darajani na tochi.
Thibaut alifika kazini, akanikuta nimepiga magoti.
Hakuuliza mengi. Akapiga magoti naye.
Tulipata senti mbili, kifungo cha koti, tikiti ya sarakasi.
Jua lilipotoka akatia mkono mfukoni, akachagua,
akaipangusa moja kwenye shati, akanivisha.
"Bei gani?"
Akautazama mto. "Gazeti la leo."

Inaniachia rangi ya kijani kidoleni;
kila Jumapili naisugua kwa ndimu.
Naye saa nne alikuwa kashainama tena
mbele ya mke na mume wenye kamera,
nami nikawapungia kutoka kibandani: endeni, endeni!
Hakunikasirikia. Kila mtu na kazi yake.

Yule kijana wa Kifaransa cha kitabuni
labda bado ameiweka mahali, ndani ya soksi, ndani ya sanduku,
katika nchi nisiyoijua,
na huwasimulia wenzake jinsi watu wa Paris walivyo wakali.

Kwa hiyo ramani ni euro nne, na onyo ni lile lile:
sema hapana, usisimame, usigeuke.
Ila ukishafika mbali, kabla hujajipongeza,
tazama kwanza kidole chako.