Kilo Kumi

Jimu hii ilikuwa ghala la kahawa.
Mvua ikinyesha Moshi, kuta zinatoa harufu ya maganda,
na mimi, Ndewirwa wa Kibosho, naketi kwenye kiti cha chuma
kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Rudi nyuma, Baba," asema Aikande,
"mgongo uguse. Goti litazamane na ekseli,
hapa, penye alama nyekundu.
La sivyo mashine itakunja pale ambapo Mungu hakukunja."
Anasogeza sponji juu kidogo ya kifundo cha mguu,
anachomoa pini kutoka arobaini,
alikoiacha Godlisten, yule wa kujitazama kiooni,
anaichomeka kumi.

Kumi!
Nimebeba ishirini kichwani miaka kumi na tisa:
mahema, mitungi ya gesi, choo cha plastiki cha wageni,
mayai trei sita, nikayafikisha Barafu
upepo ukinizaba makofi, na halikuvunjika hata moja.

"Inua, huku unatoa pumzi."
Nainua. Mguu unanyooka kama swali.
"Usilikaze goti mwishoni.
Sasa shusha. Moja... mbili... tatu...
Polepole, Baba, vyuma visigongane."

Vinagongana.
Vijana wanageuka.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka;
hawakusema hushuka vipi.
Sisi tulishuka Mweka tukikimbia,
matope hadi ugokoni, mzigo ukitubonyeza utosi,
kila mmoja akiwahi bakshishi na supu ya getini.
Goti la kulia likasema kitu,
nikaliambia: nyamaza, tutaongea nyumbani.

Sasa linaongea. Haliachi.
Linaongea nikipiga magoti kanisani, nikiinuka chooni,
linajua mvua kabla ya redio.

"Paja likiwaka moto, hiyo ni kazi," asema,
"lakini kikichoma ndani ya goti kama sindano,
simama hapo hapo. Hapa hapana kilele."
Nacheka. Anadhani sikuelewa.

Saba. Nane. Paja linatetemeka
kama ndama aliyezaliwa alfajiri,
paja lililovusha wazungu sijui mia ngapi
kwenye theluji, leo linaomba radhi kwa kilo kumi.
Tisa.
Ya kumi: moja, mbili, tatu,
na chuma kinatua juu ya chuma
bila sauti,
kama nilivyokuwa nikitua trei za mayai.

Aikande anaandika kwenye daftari lake: Jumanne, kilo kumi, mara kumi.
Dirishani Kibo kimejitanda wingu, hakitazami.
Sawa tu.
Kutoka hapa hadi barabarani kuna ngazi kumi na moja za kushuka,
na leo
nitaushika ukuta kwa kidole kimoja.