Inchi Mbili

Siku ya tatu walitunyoa ukoo mzima.
Nywele zikakusanywa kwenye jani la mgomba,
zikafukiwa nyuma ya jiko
ndege wasijengee viota,
mwenye kijicho asiokote.
Za mama sikuzitoa.
Nilikuwa nimezikata wodini, msuko mmoja wa nyuma ya sikio,
nikazificha kwenye pakiti ya majani ya chai.

Mzee Wepukhulu ni fundi saa, Barabara ya Naboa,
ingawa Mbale ya leo humletea simu tu.
Nilimpa saa ya mama, ile ya kutia ufunguo.
Nikasema: toa mashine, weka hizi.

Hakushtuka. Alivuta taa karibu.
"Nilikuwa mtoto, nafagia kwa sonara.
Akaja mjane wa Kizungu na bruchi, kioo kimepasuka.
Ndani nikaona ukili,
ukili mwembamba, labda wa mkeka wa siafu.
Kumbe nywele za mumewe.
Sonara akakataa kuishika.
Nikaibandika mimi, nikanawa kwa majivu,
nyumbani sikusema.
Kwao, binti, wafu walivaliwa.
Kwetu huitwa. Anazaliwa mtoto, anapewa jina,
kesho kutwa marehemu anatumwa dukani kununua chumvi."

Mimi sina wa kumtuma dukani.

Akazikunja duara chini ya kioo,
pale mishale ilipokuwa ikizunguka.
Ndipo nilipoona:
ncha nyeusi, nyeusi ya kanta,
kisha, kama mtu aliyekatizwa maneno,
nyeupe.
Kanta ya mwisho alipaka wiki ya Pasaka,
kabla ya figo.
Inchi mbili nyeupe ni kitanda cha kumi na moja:
Mei, Juni, Julai, Agosti.
Daktari alipima damu, akapima mkojo,
akapima hata maji ya kunywa.
Nywele zilipima siku
na hakuna aliyeziuliza.

Mama mkubwa Khainza aliiona siku ya kujengea kaburi.
Akanidaka mkono mbele ya mafundi wa saruji:
"Nywele za maiti zinatembea mjini!
Unataka tuugue wote?
Hata mchawi ana haya, huzificha!"
Akanivuta mlangoni penye mwanga
aone vizuri anachokilaani.

Akanyamaza.
Wanale ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni.
Akaweka ukucha wa gumba juu ya kioo,
akaupitisha kwenye nyeusi,
akavuka mpaka, akasimama padogo tu ndani ya nyeupe.

"Hapa," akasema, "ni Juni.
Aliniita.
Nauli nilikuwa nayo.
Nikanunua mbegu za maharage."

Mafundi waliendelea kukoroga.
Mkono wangu alikuwa bado ameushika,
sasa kama mtu anayeshika kikombe cha moto
na hana pa kukiweka.
Akafuta kioo kwa upindo wa gomesi yake,
na kioo hakikuwa na vumbi.

"Ukiosha vyombo," akasema, "uivue."