Zamu ya Taa

Amechukua upawa wangu wa supu,
chujio la unga, na kile kisahani cha maua ya buluu
tulichopewa na mama yake siku ya harusi.
Sikuuliza. Nilikaa karibu na rediata,
nje theluji ya Karvina inashuka tayari ina masizi,
nikamtazama Radovan akichimba.

Miaka ishirini na tisa alichimba gizani,
mita mia nane chini ya viatu vyangu.
Sasa anachimba kwa kijiko
ndani ya sanduku la kioo la lita arobaini,
juu ya meza ya cherehani niliyoacha kuitumia.
Udongo mweusi kwanza, unene wa vidole viwili,
nyuma umeinuka kidogo kama mto wa kulalia;
juu yake changarawe, aliyoiosha mara saba bafuni
hadi bomba likakoroma, likaziba.
"Makaa," akasema, "waliosha wengine."

Kisha mawe matatu. Si manne.
Kwa jiwe la tatu tulinuniana tangu supu hadi chai.
Nilisema liegemee kushoto. Akasema mwamba
una namna yake ya kulala, na yeye anaijua.
Alipokwenda kulala, nililisogeza kushoto.
Hajasema kitu mpaka leo.

Mimea ilikuja kwa posta, imeviringwa magazeti yaliyolowa:
nyasi fupi za kupandikiza unywele kwa unywele
kwa kibano changu cha nyusi;
majani marefu kama utepe, ya kuficha mpira wa pampu;
na mmoja wa majani mazito,
asili yake, muuzaji kaandika, vijito vya Kameruni.
Karatasi ilikuwa na onyo. Nikamsomea mimi,
maana miwani yake ilikuwa imejaa matone:
Huu usiuzike. Ukifukiwa, huoza.
Ufunge juu ya jiwe, mizizi itashika yenyewe.

Akaketi.
Uzi ukaning'inia mkononi.
"Evzen," akasema, basi,
jina lisilotamkwa nyumba hii
tangu ile zamu ya usiku gesi ilipopata cheche,
wakaliziba handaki kwa ukuta,
na ukuta haujafunguliwa.
Kisha akafunga. Mizunguko kumi na miwili,
fundo dogo. Uzi akaukata kwa meno.

Maji yalikuwa yamelala ndooni tangu jana, yatoe klorini.
Akayamimina polepole juu ya kisahani changu
ili udongo usitibuke.
Ulitibuka hata hivyo.
Siku nne tulitazama chai ya maziwa.

Sasa ubavuni kuna chupa ya sukari na hamira,
inapitisha gesi kwenye mrija mwembamba:
povu moja, subira, povu moja.
Yeye aliyekuwa akiikimbia gesi
anaihesabu, kiganja juu ya goti,
na asubuhi huniambia, kumi na nane kwa dakika,
kama anayenipa hali ya mgonjwa.

Samaki hakuna. Si kabla ya wiki ya sita,
maji yaumwe kwanza, yapone yenyewe.
Ana vijikaratasi vya kuchovya, vinavyogeuka rangi,
anavianika dirishani kama soksi za mtoto.
Ila kuna konokono. Hakuna aliyemwalika.
Alijificha majanini, mdogo kama punje ya mtama,
na amekwisha kula njia yake katika utelezi wa kioo,
njia nyembamba, imepinda, safi.
Nilitaka kumtoa kwa kijiko.
"Mwache. Yuko kazini."

Taa nayo ina zamu yake, saa nane kamili,
kisha kidude ukutani kinasema tik
na jua letu linazimika.
Hubaki ule mmea jiweni, weusi juu ya weusi,
na sauti ya povu.
Kisahani bado kiko chini kule, pembeni.
Anasema akikitoa ataamsha udongo.
Nimekiacha.
Maua yake yanaonekana kidogo,
ukijua pa kutazama.