Niliyeshika Ngazi

Manispaa wameniandikia barua,
karatasi nzito, muhuri mwekundu:
Bibi Dinka Livačić, tunakuomba
uje Jumapili uvute kitambaa,
sanamu ya marehemu baba yako ifunuliwe,
useme maneno machache. Dakika tano.

Dakika tano.
Baba alivuka mlangobahari kwa ishirini na tatu,
mwaka wa ishirini na moja, mwezi wa Machi,
kwa ndege ya turubai na waya
iliyonuka mafuta ya mbarika,
mfuko wa barua kaubana kwa magoti.
Ng'ambo, kule Porvenir, wachunga kondoo walidhani
ni banda la mtu limeng'olewa,
maana hapa Punta Arenas upepo huchukua mabanda,
na barabarani hufungwa kamba
watu wazima washike wasipeperushwe.

Aliporudi mji ulimbeba mabegani.
Sura yake ikachapwa kwenye viberiti.
Kinyozi Radonić akauza mkato wa rubani.
Watoto saba wakaitwa Jerko mwaka ule,
na wa nane, msichana, akaitwa Jerka.
Watu walimwomba vifungo vya koti;
mama akashona vipya, vikaombwa, akashona tena,
hata akasema: Jerko, uzi umeniishia.

Nikša alikuwa na miaka sita.
Alilalia kiberiti chini ya mto,
si kwa ajili ya moto. Kwa ajili ya ile sura.

Sasa nisikilizeni, nyinyi wa dakika tano.

Ghala la sufu, paa la bati.
Mbao mbili za pipa. Kitambaa cha meza cha bibi
kilichotoka Brač ndani ya sanduku,
chenye taraza ya zabibu.
Baba yuko kaskazini, anapigwa picha.
Nikša akasema: shika ngazi, Dinka,
na usimwambie mama mpaka nitue.
Nikaishika.
Niliishika vizuri. Haikutikisika hata kidogo.

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Nilingoja.

Bendi ilipiga wimbo uleule waliompokelea baba,
kwa kuwa ndio pekee walioujua kwa ghibu;
waliupiga polepole, basi.
Mpiga picha aliuza picha za jeneza.
Wengi walikuja kumwona shujaa akilia.
Hakulia.

Usiku wa tatu alinifuata jikoni,
akachuchumaa mbele yangu, akauliza
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
Dinka, wewe ulimwona. Alielea?
Kabla ya… alikwenda mbele kiasi gani?

Nikasema: hatua nne.

Uongo. Alishuka kama ndoo kisimani.
Lakini uso wa baba uliwaka kidogo,
kama taa iliyopandishwa utambi,
na nyuma yake, mlangoni, mama,
sahani mkononi.

Sahani haikuanguka. Aliiweka mezani, taratibu.
Hakumsemesha tena kwa miaka thelathini na mmoja.
Hata chumvi ilipitia kwangu:
mwambie baba yako, mwambie mama yako.
Naye aliendelea kuruka. Mkataba ni mkataba.
Alipokufa nilikuta daftari lake la safari,
na siku ile imo, siku ambayo hakuruka:
upepo wa magharibi, mkali. Chini yake,
kwa penseli, herufi ndogo: hatua nne.

Basi Jumapili nitavuta kitambaa.
Nitasema alikuwa jasiri, maana alikuwa.
Nitataja injini, baridi, ule mfuko wa barua.
Watapiga makofi, nitarudi nyumbani
kabla mvua haijaanza.

Ngazi bado ninayo. Vipandio kumi na kimoja,
kimoja nilikibadilisha mwenyewe mwaka jana.
Huitumia kuzibua mfereji wa paa,
na kabla sijakanyaga cha kwanza
hutazama kando, kila mara,
nione nani ameishika.