Bati Juu ya Bati

Fundi Gwakisa alikuja na mtaimbo wa kung'olea.
Mama akatoka jikoni, mikono ina unga,
akasema: Hilo halishuki.

Tukatazamana. Bati lenyewe limeliwa na kutu
hata ukilala chali sebuleni, mchana kweupe,
unahesabu nyota.
Alilipigilia baba, mwaka ule kahawa ilipolipa,
mabati ishirini na manne juu ya lori la chama
kutoka Mbeya,
na tangu siku ile Tukuyu haijaacha kunyesha.

Basi tulivike, fundi akasema,
kama anayemzungumzia mgonjwa.
Akalaza papi za mpaini juu ya migongo ya zamani,
akazitafuta kenchi kwa kugonga:
hapa tupu, hapa tupu,
hapa.
Msumari wa inchi nne ukapita kutu,
ukauma mti uliokatwa kabla sijazaliwa.

Kisha msauzi, geji ishirini na nane, rangi ya udongo.
Kijani hapana, mama alisema, migomba inatosha.
Saa nane ukungu ukateremka kutoka Rungwe,
tukawa tunampokeza mabati mtu tusiyemwona,
mikono tu, na sauti: Lete. Shika. Lete.
Kofia ilikaa giza limeshaingia.
Nusu ya pesa mama akaifunga pindoni mwa kitenge:
mpaka inyeshe.

Ikanyesha usiku uleule, ile ya Aprili, isiyobisha hodi.
Nikangoja tone la kwanza kwenye sufuria.
Miaka yote tulizijua saa kwa vyombo:
beseni la sebuleni likijaa, ni usiku wa manane,
kopo la chumbani, jogoo yu karibu.
Sasa mvua ilikuwa mbali,
kama harusi ya ng'ambo ya Kiwira
ambako hatukualikwa.

Nikamkuta mama ameketi kitandani, taa inawaka,
beseni kavu miguuni pake.
Sijui ni saa ngapi, akasema.

Kulipokucha alitaka ngazi. Tukamnyima.
Akachukua upondo wa kuangulia maparachichi,
akaligonga bati la baba kwa ndani, mara mbili,
akatega sikio.
Gwakisa alikuwa mlangoni, kofia mkononi,
hajui aangalie wapi.

Lipo, mama akasema,
akaanza kulifungua fundo la kitenge kwa meno.