Maharage ya Babu

Usiku ule wa Novemba Tukuyu ilinyesha kama kawaida yake,
mvua isiyo na haraka, mvua ya mwenye nyumba.
Mjomba Gwakisa alileta runinga na betri ya lori,
akaisimamisha juu ya kabati la vyombo,
sebule ikajaa makoti yaliyolowa.

Babu alikuwa na ungo magotini.
Maharage mekundu ya chama kile, alisema,
na kwa kuwa Mungu hakuumba maharage ya bluu
hawa wetu wakapewa njegere.
Kila jimbo la Marekani likitajwa, anahesabu,
majimbo makubwa anamimina kiganja kizima.

Hawa wetu. Maana mgombea alikuwa mtoto wa watu wawili:
damu ya upande mmoja imetoka bara hili,
ya upande wa pili ni ya kulekule kwao.
Babu hakuuona upande wa pili.
"Huyu ni mtoto wa nyumbani. Damu haipotei.
Itie maziwa utakavyo, chai ni chai."
Wakacheka, wakapigana viganja.
Birika nilikuwa nimelishika mimi.

Mimi Subilaga, wa Atupele,
na wa mhandisi aliyekuja kupima barabara ya kushukia Kyela,
akaacha madaraja mawili, kalavati moja, na mimi.
Kalavati linaitwa jina lake mpaka leo.

Wageni wakija mimi ni "mzungu wetu", naitwa nisalimie.
Wageni wakiondoka mimi ni wa barabarani.
Mke wa mjomba alinitengea kitana,
akakitundika nje, karibu na jembe.

Mwezi wa nane babu aligawa migomba.
Alitangulia na panga, mwenyekiti wa kitongoji nyuma yake akiandika.
Gwakisa, mpaka mtoni.
Ipyana, mpaka kwenye mparachichi.
Watoto wa Ipyana, hata yule wa tumboni.
Alipofika kwangu akalifuta panga kwenye majani.
"Huyu ana kwao. Akapewe kwao."
Mama alikuwa Katumba, anachuma chai ya watu.
Jioni nilimweleza. Akaniuliza kama nimekula.

Basi, saa moja asubuhi, kule kwao bado usiku,
mtangazaji akalitaja jina.
Babu, asiyenyanyuka bila mkongojo, akanyanyuka,
ungo ukaenda chini, njegere mpaka mvunguni.
"Wametuchagua! Wazungu wametuchagua!"

Nikapiga magoti kuokota.
Kwenye runinga mzee mmoja wa kizungu, kofia mkononi,
anahojiwa nje ya kanisa, na Gwakisa anatafsiri:
binti yake ameolewa na mtu mweusi,
miaka kumi na moja hajakanyaga kwake,
lakini jana, anasema, huyu nimempa kura.
Na kwa binti yako utakwenda lini?
Mzee akaangalia viatu.

"Hawa watu!" babu akacheka mpaka akakohoa.
"Nchi nzima wanampa mtu,
kiti cha jikoni wanamnyima."

Sikupanga kusema. Nilikuwa bado chini,
njegere saba mkononi.
"Babu, huyo mtoto wa nyumbani
angezaliwa humu, angepewa mgomba upi?"

Mvua ilisikika. Gwakisa akapunguza sauti ya runinga,
kisha, sijui kwa nini, akaiongeza.
Bibi peke yake alinitazama, kitambo,
kama mtu anayesoma bei.
"Chai imepoa," alisema babu.
Nikaenda kuichemsha.

Mchana hakuna aliyekuwa na subira ya kuchambua.
Mekundu na njegere vikaingia chungu kimoja;
njegere ziliwahi kuiva, zikapondeka,
maharage yakabaki magumu katikati.
Babu alilalamika chumvi.
Akala, akasogeza bakuli aongezwe,
akalisogeza upande wangu,
bila kuniita jina lolote.