Dakika ya Arobaini na Tatu

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nne usiku,
kabla sijavaa koti jeupe la ghala la jibini,
nafungua simu: je, Roest ametuma?
Roest, yaani Kutu. Ndilo jina pekee tunalomjua.
Hana picha. Hana kauli.
Ana saa moja tu ya vishindo, kila mwezi, miaka tisa sasa,
mapigo mia na tisini kwa dakika,
na orodha ya nyimbo iliyochapwa kama risiti ya duka.

Nageuza magurudumu ya jibini, elfu na mia nne kwa zamu,
kilo kumi na mbili kila moja.
Mwenzangu Jelmer husikiliza habari za mpira.
Mimi, chini ya kinga ya masikio,
napigwa. Sina neno jingine. Napigwa, na napoa.

Ngoma ivumayo sana hupasuka, ndivyo isemwavyo.
Hii yetu ilizaliwa imepasuka.
Mtu aliivuta sauti mashineni hadi ikachanika,
akausikiliza ule mchaniko, akasema: hapo hapo, usiguse.

Nina daftari. Jalada lake linanuka mtindi.
Ndani mna kila miksi, kila santuri
ya lebo ya gerejini kule Hoogezand,
nakala mia na hamsini, basi,
kila jalada limegongwa muhuri wa kiazi
na mke wa mwenye gereji.
Namba kumi na tisa niliikosa kwa dakika sita:
nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, simu mfukoni.
Yaliyopita si ndwele. Namba kumi na tisa ni ndwele.

Na mna mstari mmoja mtupu.
Novemba, mwaka wa nne, dakika ya arobaini na tatu.
Kishindo kinakatika. Kimya, nusu pumzi,
kisha kitu kinabweka mara mbili
na sakafu yote inaporomoka tena.
Hapo Roest ameweka alama ya kuuliza tu.

Niliuliza.
Katika kiwanda cha sukari kilichokufa, Groningen,
kati ya spika zilizobebana kama makontena,
nilimwigizia kwa mdomo Tjeerd, mwenye kipara na goti bovu,
ambaye bado anacheza, ila kwa mguu mmoja.
Akafumba macho. "Naijua," akasema. "Sijui ni nini."
Nikamuuliza Noortje, binti aliyezaliwa
baada ya kila kitu tunachokililia.
Akacheka. "Haijatoka hiyo. Subiri."

Mvumilivu hula mbivu. Mimi, miaka mitano, nilikula jibini.

Jana posta ilileta namba thelathini na moja.
Kiazi kilikuwa kimeteleza, wino umevuka ukingo.
Nikashusha sindano, upande wa pili.
Ikaja. Yenyewe. Magoti yalijua kabla ya masikio.
Kishindo, kishindo, kikakatika,
kimya, nusu pumzi,
na sakafu ikaporomoka.

Hakuna kilichobweka.

Nilirudisha sindano mara saba.
Kisha nikaitafuta miksi ya Novemba, nikabana macho.
Mbwa. Mbwa wa kweli, chumbani kwa Roest.
Labda mlangoni alipita mtu wa barua, labda njaa;
akabweka ndani ya lile tundu, sawia na mpigo,
na Roest hakumfuta.

Sasa ninalo jina. Nimeujaza mstari kwa kalamu:
Kijerumani kirefu, kitu kuhusu mashine ya kuoshea vyombo.
Pembeni, kwa penseli, nimeongeza: *na mbwa*.

Nimeanza upya tangu miksi ya kwanza.
Siusikilizi mdundo, nakisikiliza chumba:
kiti kinacholia, mvua dirishani,
kucha zikipita sakafuni kati ya wimbo na wimbo.
Zipo. Mwaka wa pili, wa sita, wa nane.
Tangu Machi mwaka huu sizisikii.

Saa nne na robo. Roest ametuma.
Jelmer anauliza mbona nimesimama na jibini mkononi.
Naigeuza.
Zimebaki elfu moja na mia mbili.